Baka Nisiloliona

Jumatatu, 4 Machi
Nimekwenda kujaribu gauni. Fundi wangu, ambaye mdomo wake hushinda cherehani kwa kasi, kafika na zipu katikati, akanyamaza. Yeye wa kunyamaza! Kisha: dada, hili baka mgongoni lina muda gani? Baka gani? Akalipiga picha kwa simu yangu. Jeusi, kahawia, upande mmoja wekundu kidogo. Kingo kama karatasi iliyochanwa. Miaka minne hakuna aliyeuona mgongo wangu.

Jumatano, 6 Machi
Daktari wa ngozi. Mpole. Kalichungulia kwa kioo chenye taa. Nusu hii haifanani na ile, akasema, na rangi zimechanganyika. Limekua? Nitajuaje — kisogoni sina macho! Basi yuko aliyewahi kuliona? Nikasema hayuko. Uongo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempigia mtalaka wangu. Nikamuuliza kama analikumbuka baka la mgongoni. Hakucheka. Kalikuwa kadoa, akasema, kaduara, kama punje ya pilipili manga, chini ya bega la kushoto. Anakumbuka! Akauliza kulikoni. Nikasema daktari tu anataka kujua. Sauti ya mwanamke ikamwita mezani. Tukaagana.

Jumatatu, 11 Machi
Limekatwa, limepelekwa maabara. Nyuzi sita.

Ijumaa, 22 Machi
Melanoma. Saratani ya ngozi. Ile aina ya kawaida, daktari kasema, hutambaa juu juu kabla ya kuchimba chini. Yangu haijachimba sana. Una bahati, akasema. Ila lazima wakate tena, kwa upana zaidi. Muuguzi: nyumbani nani atakubadilishia bandeji? Nikajibu upesi — wapo.

Jumatano, 27 Machi
Wamekata. Kulala chali siwezi.

Ijumaa, 29 Machi
Bandeji imelowa. Nimejaribu kwa vioo viwili. Mkono haufiki! Plasta ikanasa kwenye nywele, nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikageuka.

Nimegonga kwa mama wa mlango wa pili. Mwaka mzima ni habari za asubuhi, nzuri, basi. Kafungua, povu la sabuni hadi viwikoni. Nikasema samahani, jirani... nikageuka kumwonyesha mgongo. Akaitazama bandeji mkononi mwangu. Nenda kakae, mwenzangu, akasema, nanawa nakuja.

Naandika nikiwa kitini. Gauni nimelishusha mabegani. Mlango nimeuacha wazi. Maji bado yanachuruzika kwake —