Masinia Juu ya Kabati

Bi Waridi, shikamoo. Nakuandikia nimechoka, kichwa kizito, mtoto yuko begani.

Nilipoolewa mama yangu alinipa chumba humu humu nyumbani kwake Likoni, na juu ya kabati akanipangia vyombo vyangu vya arusi, masinia ya shaba, masufuria, na sanduku la chuma mpaka karibu na dari, na kitanda kimegusana na kabati hilo kwa kuwa chumba ni kidogo, basi Jumapili mchana ardhi ikatikisika, vikombe vikalia, na sinia kubwa likaangukia mto ambao mwanangu ndiyo kwanza nimemwinua hapo kumnyonyesha, wallahi nilitetemeka kuliko hiyo ardhi. Redio ikasema ni tetemeko dogo, lakini mume wangu Mwidani asema Mombasa hakuna mambo hayo, ni lori limepita, na mama asema ni husuda ya jirani yetu Mwanatabu, aliyeingia juzi akavisifu vyombo bila kusema mashallah, basi mama akasoma dua, akapuliza, akalirudisha sinia pale pale. Nikimwambia tuvishushe hununa, asema watu watadhani tumeviuza. Sasa nalala nimeketi, mtoto kifuani, na mchana nasinzia jikoni. Nifanyeje nisimvunjie mama heshima?

Mwanasaumu, Likoni

Marahaba mwanangu, na pole. Lakini nawe! Wakesha kulilinda sinia lisianguke, badala ya kulishusha? Mikono si unayo?

Kweli, huku kwetu ardhi haitikisiki mara kwa mara, na nyumba usiihame. Ila shaba iliyopangwa juu ya kichwa cha mtoto haingoji tetemeko kubwa. Hilo dogo umeliona. Leo hii shusha kila kizito, kikae sakafuni kando ya ukuta, na wageni watakiona vizuri zaidi. Mwidani aache hadithi za lori, atafute misumari na kamba, alifunge kabati ukutani. Ardhi ikitikisika tena, mkumbatie mtoto, jitenge na kabati na dirisha, ikitulia ndipo mtoke nje.

Mwanatabu mwacheni. Hata kama ana jicho, si yeye aliyepanda kupanga masinia.

Na mama yako atanuna, najua. Usibishane naye, usilie. Mpe mjukuu wake ampakate, kisha panda juu ya kiti uanze kushusha.