Nikimwita Marehemu Mahakamani, Anaitika

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba uniokoe kabla ya Alhamisi, maana nimefika mahali siwezi kumwambia mtu yeyote, hata mume wangu, yeye anadhani nimekonda kwa sababu ya kazi nyingi.

Mimi ni karani wa masjala katika mahakama ya wilaya, mwaka wa kumi na nne huu, napokea majalada, nayapanga kwenye rafu, na siku za kesi kutajwa nasimama mlangoni naita majina mara tatu tatu, anayeitika hakimu anaandika yupo, asiyeitika anatolewa hati ya kukamatwa. Kulikuwa na mahabusu mmoja, fundi viatu, alishtakiwa kumjeruhi mwenzake kwenye ugomvi, hakimu wetu akamnyima dhamana, naye akaandika ombi kwa mkono wake kutoka gerezani kwenda Mahakama Kuu, na jaji akaamuru aachiwe kwa kuwa anaumwa kifua. Sasa amri ya kutoka juu huja na namba ya huko juu, kazi yangu ni kuioanisha na namba yetu, nimpelekee hakimu, kisha nakala iende gerezani, lakini siku hiyo nilikuwa na majalada hadi sakafuni, nikaiweka kwenye rafu ya rufaa zinazosubiri, ikakaa siku tisa ndipo nikaitia kwenye jalada lake, na fundi viatu alikuwa amekufa siku ya nane.

Barua ya gereza ikaja kwangu: mahabusu amefariki, simu ya ndugu haipatikani, mahakama iwaarifu, na mwili usipochukuliwa ndani ya siku sitini utazikwa na halmashauri. Nilitakiwa kuiweka kwenye jalada, lakini atakayelifungua ataona na tarehe ya ile amri, nikaogopa kufukuzwa kazi, Shangazi, nikaifungia kwenye droo nikijiambia kesho, kesho.

Kesi ilipotajwa nikaita jina lake kwa sababu lilikuwa bado kwenye orodha, nikijua patakuwa kimya, na mara ya tatu sauti ikasema, “Nipo.” Hakimu hakuinua hata kichwa, akaandika yupo, akaahirisha kwa wiki mbili. Ilipotajwa tena, akaitika nilipoita mara ya pili. Iliyofuata akaitika hata sijamaliza jina, na wale mahabusu kwenye benchi wanajibana wanaacha nafasi ya mtu mmoja katikati, hakuna aliyewaambia, wote wanatazama miguu yao.

Na mama yake huwa yupo, miguu yake mibovu haimfikishi gerezani lakini mahakamani anakuja, anakaa benchi la nyuma. Siku ile ya tatu akanishika mkono, “Mwanangu, nimesikia sauti yake, mbona simwoni?” Nikamwambia, “Mama, wamempitisha mlango wa nyuma.” Akafurahi! Akanipa shati alilolifua na kulipiga pasi, nimfikishie. Nililiweka kwenye droo juu ya ile barua, na juzi nilipofungua nikakuta kola imechafuka na linanuka jasho, na ufunguo wa droo ile ninao mimi peke yangu.

Alhamisi kesi inatajwa tena, Ijumaa siku sitini zinatimia. Naogopa ataitika kabla sijafungua mdomo. Nifanyeje, Shangazi, niombe uhamisho?

Karani

*

Marahaba, Karani. Uhamisho? Uende wapi, na huo ufunguo wa droo umwachie nani? Barua yako nimeirukisha foleni, naisoma hewani leo Jumatatu, kwa hiyo kaa hapo hapo ulipo unisikilize.

Kwa ile rafu nakuonea huruma. Mtu mmoja na majalada hadi sakafuni lazima atakosea. Lakini barua ya gereza hukuikosea. Uliisoma, ukaielewa, ukaifungia, halafu ukamtazama mama wa watu usoni ukamwambia habari za mlango wa nyuma. Hapo sina pole ya kukupa.

Kuhusu huyo anayeitika, sitajifanya najua. Nilimpigia rafiki yangu mmoja, mzee aliyestaafu masjala, nikamsimulia nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliniuliza, “Ameitika mara ngapi?” Nikasema mara tatu, na kila mara anawahi zaidi. Akasema, “Mwambie asimwite tena. Afunge jalada.” Nilipomuuliza yeye wa kwake alimfanyaje, akaniaga.

Haya. Toa hiyo barua leo, igonge muhuri wa leo, usirudishe tarehe nyuma hata siku moja, umpelekee hakimu pamoja na ile amri. Hakimu usimlaumu, yeye anajua kilichomo kwenye jalada na anachosikia mlangoni, na vyote viwili vimepitia kwako. Kesi yenyewe si ya hakimu, ni ya ofisi ya mwendesha mashtaka, na hao ndio watakaoomba ifutwe kwa sababu ya kifo, ila bila karatasi yako hawana la kuomba. Msajili atakuhoji, tume ya utumishi itakuita. Nenda. Usikimbilie kwa mwanasheria mkuu ukidhani atakukingia kifua, yule ni wakili wa serikali, na mama akiishtaki serikali atakuwa upande wa pili. Kwa hiyo mama naye mpeleke ofisi ya msaada wa kisheria, wewe mwenyewe, mguu kwa mguu.

Lakini kwake uende kwanza, kabla ya hakimu. Usitume ujumbe wa simu. Kaa chini, umwambie mwanawe amefariki, umtajie chumba cha maiti alikolazwa, umwambie siku zilizobaki. Shati mrudishie, na usilifue. Atakalokutamkia, lipokee.

Na jua hili. Sijataja mahakama yako wala jina la fundi, lakini redio hii inafika mbali. Saa hizi kila mama mwenye mtoto mahabusu ameacha alichokuwa akifanya, anajiuliza kama ile sauti aliyoisikia mahakamani ilikuwa na mtu. Taa za simu hapa studio zimeanza kuwaka zote. Wote hao ningeweza kuwaambia watulie, watoto wao wapo, isipokuwa mmoja tu, na mimi simjui ni yupi. Unamjua wewe.