Nukta Zilizopita Mwisho wa Kioo

Mjini Sofia, Jumapili mchana

Kaka Ramadhani,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nimechoka. Mama goti limepoa? Na hapo stesheni Igalula, sabuni imeshafika duka la ushirika au bado mnapanga foleni?

Mwezi wa sita sitarudi. Sababu ni kosa langu, nakueleza lilivyotokea.

Kazi niliyoletwa kujifunza ni kuchora kwenye kioo cha kompyuta. Picha yote ni nukta, na kila nukta ina nafasi yake katika kumbukumbu ya mashine. Ukiandika namba kwenye nafasi hiyo, nukta inawaka papo hapo. Hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Lakini nafasi za kioo zikiisha, zinazofuata ni za kazi nyingine, na mashine haikuzuii. Ni kama ile reli yenu ya pembeni isiyo na kizuizi mwishoni.

Mashine moja tunaitumia wawili, mimi na Milena, binti wa hapa. Jumanne alikwenda kula akaacha mchoro wake ndani. Kanda yake ya kuhifadhia ilikuwa imekatika, anangoja nyingine, hivyo mchoro ulikuwa kwenye kumbukumbu ya mashine tu. Nikakaa nijaribu wangu, mstari mmoja tu. Nilisahau kuuwekea mwisho. Nukta zikajaa kioo, zikapita, zikafuta kazi yake ya wiki tatu.

Aliporudi akalaani umeme, maana hapa nao hukatika. Mwalimu akakubali. Nilinyamaza siku mbili. Alhamisi nikawaambia wote wawili.

"Kwenu watu hupiga hodi?" Milena akaniuliza.

"Hupiga."

"Basi wewe hodi yako uliiacha kwenu."

Mwalimu alikuwa na swali moja: nani aliniruhusu kukaa? Nikamjibu hakuna. Zamu zangu zote amepewa Milena mpaka amalize, na mtihani wangu umesogezwa hadi mwezi wa kumi na mbili. Sina la kulalamika.

Sasa harusi yangu na Zuhura. Wazazi wake wamengoja miaka miwili kwa ahadi uliyowapa kwa niaba yangu. Nenda kwao Mtendeni mwenyewe, usitume mtu. Usiseme naumwa, wala usiisingizie serikali. Sema niliharibu kazi ya mwenzangu, ndiyo maana nimechelewa.

Nisalimie Mama, shemeji, na shangazi aliyetulea.

Wazee wa Zuhura wakisema basi, usibishane nao. Ila omba Zuhura mwenyewe aulizwe mbele yako, na jibu lake uniandikie kama alivyolitamka, hata likiwa neno moja.

Mdogo wako,
Shabani