Maganda ya Limau Chumbani kwa Mke Wangu

Usevya, Jumapili, Agosti 1956

Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye mtungi wa maji. Sikwenda kusali. Nimekaa barazani na daftari la shule, maana kuna jambo sijamwambia mtu.

Mke wangu, Mama Anna, anaumwa uvimbe wa titi mwaka wa pili sasa. Hospitali ya mbali tuliyofika kwa lori walisema tumechelewa, tukarudi. Uvimbe ukapasuka, ukawa kidonda. Kikaanza kunuka.

Mimi ni mwalimu, nitasema kama ilivyo: nyumba yangu ilinuka. Majirani wakawa wanamsalimia wakiwa uani. Hata Veronika, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa akileta uji na kuuacha mlangoni.

Na mimi nilihamishia mkeka wangu jikoni.

Nilimwambia kikohozi changu kitamwamsha. Alivuta kanga tu, akajifunika kifua.

Jumatatu alipita Bi Zuhura, mama wa Karema anayetuletea dagaa. Yeye hakusimama uani. Aliingia, akakaa naye, kisha akatoka kuniuliza kama nina malimau. Ninayo tele, mti wa nyuma ya nyumba umezaa mpaka mengine yanaoza. Akamenya moja, akalikunja ganda karibu na moto, akalibinya. Cheche zikaruka, jiko lote likanukia.

"Umeona, mwalimu? Hayo ni mafuta. Nyie mnakamua maji, ganda mnatupa. Chemsha maganda, umwekee chumbani, na sakafu uipanguse kwa maji yake."

Nilikwenda kumuuliza dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati. Alisema ni kweli, ganda lina mafuta yanayolikinga tunda na wadudu, na harufu mbaya yanaipunguza.

"Ila usiyatie kidondani, yatamuunguza," akasema. Kisha akashusha sauti. "Na hayaponyi, mwalimu."

Nilijua. Nilichemsha hivyo hivyo, sufuria asubuhi na sufuria jioni. Maganda mengine niliyaanika, nikayachoma kwenye kigae kufukuza inzi.

Alhamisi Veronika alifika mlangoni na uji, akanusa, akasita. Kisha akaingia. Aliweka bakuli chini akalia, halafu akamsuka dada yake nywele mpaka jua likazama. Niliwasikia wakicheka. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia tangu masika.

Ningefurahi. Lakini harufu ilikuwa imepungua, na mimi nilikuwa bado nalala jikoni.

Kumbe sikukimbia harufu.

Leo mchana nilimwingizia sufuria. Alinitazama.

"Baba Anna," akasema polepole, "chumba kinanukia vizuri. Sasa umebaki na sababu gani?"

Nilisimama na ile sufuria mpaka ikaniunguza vidole. Sababu ninayo, ila haisemeki mbele ya mgonjwa: siwezi kumtazama akiisha.

Tangu turudi kutoka hospitali amekuwa akifunga kidonda mwenyewe, akinipa mgongo ili nisione. Nami nilishukuru.

Niliweka sufuria chini. Nikamwomba anifundishe kufunga.

Alisita, halafu akafungua kanga. Nikatazama. Ni kikubwa kuliko nilivyokuwa nikijidanganya. Nilifunga, fundo likalegea, kitambaa kikaanguka. Hakunilaumu. Alinishika kifundo cha mkono, akaniambia nianze tena, taratibu, kutokea kwapani.

Kesho kabla ya kengele ya shule nitakifunga mimi.