Baba, Goreti Hakwenda Harusini

Kwako baba,

Shikamoo. Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo ulivyonilea, na mkono wangu haujui kukuandikia bila kukuamkia. Usidhani nimepoa. Tangu Jumapili nasema na wewe peke yangu jikoni huku nagonga masufuria, mpaka binti yangu akaniuliza nagombana na nani. Nikamwambia, na babu yako. Akachukua chapati yake akatoka nje.

Jumapili hiyo alikuja kaka Idrisa, mwanao mkubwa, na bahasha chini ya kwapa. Ndani yake kilikuwamo kitabu changu kipya, ambacho bado hakijakwenda kuchapwa. Unajua kazi yangu, ingawa umeondoka bila kusoma hata ukurasa wake mmoja. Naandika riwaya za vijana. Nawachukua mabinti wa hadithi za kale za Wayunani, wale ambao kwenye hadithi zenyewe hupewa nafasi ya kulia na kufa tu, nawaleta huku kwetu ziwani nawapa midomo. Yule aliyemzika kaka yake wakati mfalme amekataza, nimemfanya mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye kiburi. Yule mwenye nyoka kichwani badala ya nywele, nimemwacha aseme mwenyewe nani alimkosea kwanza. Wasichana wanavisoma na wananiandikia.

Hiki kipya ni cha binti wa mfalme mwenye merikebu nyingi na upepo hakuna. Mfalme akaambiwa upepo utarudi akimtoa bintiye kafara. Akamwita binti, akamdanganya kwamba anakuja kuolewa.

"Huyu mfalme ni Baba," Idrisa akasema. "Watu wa Ujiji si wajinga. Kila mwenye boti atamjua."

Anataka mambo mawili. La kwanza, nibadilishe mwisho, binti aokoke na mfalme alie. La pili ni la Ijumaa hii, unapotimiza mwaka kaburini. Baada ya hitima shehe atawauliza watu, kama alivyowauliza siku ya maziko, kama yupo mwenye kinyongo na marehemu. Siku ile wote waliitikia kwamba wamekusamehe, mimi nikanyamaza, na Mama alinisikia nilivyonyamaza. Sasa Idrisa anataka niitikie kwa sauti ili Mama apate usingizi. Basi acha nikueleze wewe kabla sijawaeleza wao.

Goreti ulimleta wewe mwenyewe, baba. Miaka ile ya wakimbizi, boti lako lilikuwa likirudi kutoka vijiji vya kaskazini karibu na mpaka limejaa watu kuliko mizigo. Siku hiyo ulipanda kutoka ufukweni umemshika mkono msichana mrefu, mwembamba, amekumbatia mfuko wa plastiki. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, yeye kumi na mitano. Ukamwambia Mama, "Huyu hana mtu. Kuanzia leo ni mwanangu." Hukuulizwa na mtu, ulisema kwa hiari yako. Mama akampa kanga akaoge, na mimi nikasogea kitandani kumpisha.

Ndani ya mfuko ule kulikuwa na gauni moja na kitabu kimoja. Baba yake alikuwa mwalimu huko Burundi, na kitabu kilikuwa chake, cha Kifaransa, cha hadithi za Wayunani. Kila jioni baada ya swala ya alasiri ulikaa barazani ukishona maturubai ya boti, na Goreti alikaa ngazini akitusomea. Macho yalikuwa kwenye Kifaransa, mdomo ulitoa Kiswahili chenye Kirundi ndani yake. Akikwama neno, wewe ulimsaidia kwa Kiha chako, maana lugha hizo mbili ni ndugu, mkacheka. Ulikuwa msikilizaji mzuri, nakiri. Ulikuwa unasimamisha sindano hewani unauliza, "Halafu?"

Alikuita Data, yaani baba yangu, kwa lugha ya kwao. Mwanzoni niliona wivu. Baadaye nilizoea, hata nikawa namtuma yeye akuombe ruhusa tukitaka kwenda Mwanga kutazama vitambaa kwa mafundi, kwa sababu yeye hukumkatalia kitu.

Alipofika kwenye hadithi ya mfalme na upepo, uliweka turubai chini. Nakumbuka uso wako. Ukasema, "Baba gani huyo? Mpumbavu huyo. Si angengoja tu upepo ubadilike." Goreti akaendelea mpaka pale kitabu kinaposema mungu wao mmoja alimnyakua binti dakika ya mwisho akaweka swala achinjwe badala yake. Akafunga kitabu kwa hasira. "Hiki kipande wameongeza watu wazima," akasema, "ili walale vizuri." Wewe ulicheka mpaka ukakohoa. Ndiyo maana kwenye kitabu changu hakuna swala anayechinjwa badala ya binti, na Idrisa anaweza kununa mpaka mwakani.

Mwaka uliofuata ikatoka amri. Wageni wote waliokuwa wakiishi mitaani wapelekwe kambini, na maboti yasimame mpaka wenyewe waonyeshe hawasafirishi wala hawahifadhi mtu. Boti lako likakaa mchangani wiki ya kwanza, likakaa ya pili. Mabaharia wako walikuja kila asubuhi, wakakaa barazani pale pale pa hadithi, wanamtazama Goreti akifagia. Walikuwa na watoto nyumbani, najua. Wenye maboti wengine walishaanza kukusema msikitini, kwamba kwa ajili ya msichana mmoja wa watu unawatia doa wote. Najua pia kwamba hukuwa unakula. Haya yote nimeyaandika kwenye kitabu, nimempa mfalme haki yake. Lakini ulikuwa na mdomo, baba. Ungeweza kumkalisha chini ukamwambia, "Mwanangu, nimeshindwa." Goreti alikuwa ameshatembea siku nne porini kabla hujamwona. Angesimama, angefunga mfuko wake, angekwenda kwa miguu yake, akijua anakokwenda.

Badala yake ukaja Ijumaa umechangamka, ukatangaza kwamba kuna harusi Kalinzi, kwa jamaa zako wa milimani, na bibi harusi anahitaji wasichana wa kumsindikiza. Goreti atakwenda na wewe kesho. Mimi ningebaki kwa sababu Jumatatu nilikuwa na mtihani. Kisha ukanigeukia mimi. Maneno yako ninayo mpaka leo: "Mpake hina mwenzio, apendeze."

Nilimpaka, baba. Mchana mzima, kwenye mkeka, nyuma ya nyumba. Kwetu msichana wa kusindikiza hupakwa kidogo tu, kucha na kiganja, basi. Maua ya mpaka kwenye kiwiko ni ya bibi harusi peke yake, na miguu pia. Mimi nikafanya utundu. Nilimchora maua na majani kutoka vidoleni mpaka viwikoni, nikashuka miguuni, nacheka, namwambia huko Kalinzi watakosea wamwozeshe yeye. Goreti naye alicheka, akakaa na mikono juu kama ameshikwa na askari, anasubiri ikauke.

Mama akatoka nje akaona. Mama, ambaye angenichapa kwa mwiko kwa kosa dogo kuliko hilo, ambaye mambo ya harusi kwake hayana mchezo. Alisimama, akaitazama ile mikono, akaenda kukoroga uji. Hakunigombeza. Nilifurahi, nikadhani nimeponea chupuchupu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alinyamaza kwa sababu alijua, na kwamba katika nyumba nzima wajinga tulikuwa wawili, mimi na yule niliyekuwa nampamba. Mama wa yule binti wa Kiyunani alimwakia mfalme hasira kwa miaka kumi. Wangu alikoroga uji.

Asubuhi yake niliamka nimenuna. Nilimwonea wivu wa pilau, unaamini? Alipokuja kuniaga nilijifanya nasoma. Alisema kitabu chake ananiachia, kwa kuwa anakwenda siku moja tu. Nikasema "sawa" bila kuinua kichwa. Nilisikia akikuambia nje, "Urakoze, Data." Alikuwa anakushukuru kwa kumpeleka harusini.

Adhuhuri Idrisa alikuja anakimbia kutoka ufukweni, kibali cha boti kimetoka. Alasiri ukarudi peke yako. Nilipokuuliza Goreti yuko wapi ukasema amebaki, wamempenda, atarudi Jumatatu. Uliniangalia machoni ukasema hivyo. Nilimsubiri. Jumatatu wenzangu shuleni ndio walionieleza kwamba Jumamosi malori ya kambini yalikuwa yamejipanga mstari uwanjani, na kwamba dada yangu alipandishwa la tatu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevua viatu ili nikimbie vizuri, nikakukuta umekwenda safari. Boti lilikuwa limeshaondoka na wewe ndani yake.

Uliporudi uliniletea gauni la njano. Hukusema neno, na mimi sikukuuliza. Na nililivaa, baba. Hilo ndilo linalonikata maini kuliko yote. Nililivaa Idi, nikasifiwa.

Miaka mingi baadaye, sokoni Mwanga, nilikutana na mwanamke anayeuza mawese aliyekuwamo kwenye lori lile. Alimkumbuka mara moja, kwa sababu ya hina. Alisema watu walimcheka njiani, wakamwita bibi harusi, wakamuuliza bwana yuko wapi. Alisema msichana yule alizungushia kanga mikono yake yote miwili akakaa hivyo mpaka kambini, na walipomwambia atoe kidole cha kutia wino aandikishwe, alikataa kwa muda mrefu kukitoa. Baada ya hapo walitengana. Mwanamke alisikia alirudishwa kwao na wengine, au alifuata watu Kongo, hana hakika. Nimeuliza kila mtu ninayeweza kumuuliza. Sina jibu.

Idrisa ananiambia ulijuta. Anasema siku zako za mwisho ulimtaja, ulisema, "Yule mtoto, yule mtoto." Naamini. Nimekaa na jambo hilo kutwa nzima, na hasira haijapungua hata chembe, imeongezeka. Kumbe ulikuwa naye moyoni miaka yote hiyo na bado ulikaa kimya na mimi mezani, tunapeana chumvi. Tungeweza kumtafuta pamoja. Ulikuwa na boti. Ulikwenda kila bandari ya ziwa lile, mpaka Kalemie, mpaka Bujumbura, umepakia dagaa na mawese. Hukuwahi kushuka ukauliza.

Nakupenda, na ninakuchukia kwa siku ile moja, na vyote viwili vinakaa ndani yangu bila kusukumana. Nikisikia mashine ya boti ikizimwa karibu na ufukwe bado nainuka kuangalia kama ni wewe. Nilikuosha miguu ulipokuwa huwezi kuinama, na nilipokuwa naiosha nilikuwa nawaza ya kwake, iliyojaa maua. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa mgonjwa. Nilikuonea huruma, kitu ambacho wewe hukumwonea mwanao.

Kitabu sikibadilishi. Kinakwenda kuchapwa kama kilivyo, pamoja na Kiswahili chake cha barazani kwako. Wenye maboti wakikutambua, wakutambue. Walikuwapo.

Na Ijumaa nitakuja. Nitapika, nitawahudumia wageni, nitakaa upande wa wanawake karibu na pazia. Shehe akiuliza kama yupo mwenye kinyongo na wewe, nitasimama. Mimi ulinifanya niupambe uongo wako kwa mikono yangu, na hilo ni langu, nimeshakusamehe, nimekusamehe sasa hivi nikiandika mstari huu, pokea. Msamaha wa Goreti si wangu kuutoa. Kwa hiyo nitalitaja jina lake lote, lake na la baba yake mwalimu, kwa sauti ifike upande wa wanaume, nami nitauliza kama yumo humo ndani, au kama yupo anayejua aliko, ili aje aulizwe yeye. Kisha nitabaki nimesimama mpaka mmoja wao anijibu.

Pumzika, baba, ikiwa unaweza.

Ni mimi,
dada yake Goreti