Mita Arobaini za Mawe

Jumatatu, 6 Novemba
Nimeanza na mchanga. Urefu mita nne, upana tatu, kimo sentimita tisini katikati na sifuri pembeni. Mchanga hulala, hivyo huwezi kuzidisha tu. Nimeandika mita tatu na nusu za ujazo.
Kisha mawe. Yamepangwa vizuri kama ukuta, pembe nne. Saba kwa tano kwa moja na ishirini. Arobaini na mbili. Injinia wa wilaya anataka arobaini ndipo alete saruji ya wodi ya wazazi. Tumevuka.
Nimesaini kama mwandishi wa kamati ya ujenzi. Mwenyekiti amegonga muhuri. Mgongo unauma. Mimba ina miezi minne.

Alhamisi, 9 Novemba
Situlii. Leo nimejaza mawe kwenye ndoo ya lita ishirini, nikaipeleka kwenye mizani ya wanunuzi wa mahindi. Kilo ishirini na nane. Kisha nikamimina maji juu ya mawe. Yameingia lita tisa. Karibu nusu ya rundo ni hewa. Fundi wa ujenzi anasema ni kawaida, injinia hupima mawe na hewa yake.
Mama mkwe alinikuta namwaga maji. Akauliza kama mimba imeanza kunichanganya.
Mwaka jana nilijifungulia njiani kwenda Mpanda, juu ya kitenge, dereva wa bodaboda amegeukia porini. Mtoto hakulia. Ndiyo maana nilikubali kazi hii ya kamati. Sikutaka cheo.

Jumamosi, 11 Novemba
Mvua ya kwanza usiku kucha. Asubuhi watu wamejaa kwenye rundo na mabeseni. Kumbikumbi wanatoka katikati ya mawe, maelfu. Vicheko. Limi, binti yangu, amejaza sufuria.
Mimi nilisimama kama nimepigwa. Kumbikumbi hawatoki kwenye mawe. Wanatoka kwenye kichuguu.
Kichuguu kile nakijua, kilikuwa hapo hapo palipopangwa mawe. Watu walikichimba udongo wa matofali, nikadhani kimekwisha. Mawe yalipopangwa nilikuwa Kabungu wiki mbili namuuguza dada. Nilirudi nikakuta rundo limekamilika, nikapima nje tu.
Sikula kumbikumbi. Wote wamesema wana mafuta mwaka huu.

Jumapili, 12 Novemba
Nimekwenda kwa mwenyekiti baada ya ibada. Alijua. Kila mtu alijua. Mahali pale hapalimiki na lori linafika, kwa hiyo walipanga hapo. Walidhani nimeshakiondoa kichuguu kwenye hesabu. Hakuna aliyeiba. Afadhali wangekuwa wameiba, ningekuwa na wa kumkasirikia.
Nikasema tumwambie injinia. Akacheka kidogo.
"Mama Limi, hata wewe una tumbo na hatukuulizi limebeba nini. Liache rundo na tumbo lake. Saruji ikishashuka haipandi tena kwenye lori."

Jumatatu, 13 Novemba
Nimechomeka nondo juu ya rundo, sehemu kumi na mbili. Pembeni inazama mita nzima na zaidi. Katikati inagonga udongo baada ya sentimita kumi. Unene wa mawe pale ni kiganja tu.
Hesabu: kichuguu karibu mita saba za ujazo. Mawe thelathini na tano. Zinapungua tano, yaani ndoo mia mbili na hamsini. Mlima wa mawe ni mwendo wa saa moja.
Injinia anakuja keshokutwa.

Jumanne, 14 Novemba
Nimepita nyumba kwa nyumba. Watu wanapanda mahindi, na siwalaumu. Wamekuja wanawake tisa. Ndoo thelathini na sita, kisha mvua. Nimekatazwa kubeba, nikabeba mbili.
Nikinyamaza, wodi itaanza. Msingi utaishiwa mawe mvua ikiwa imefunga njia, na saruji itaganda stoo. Lakini pengine hautaishiwa. Pengine fundi atabana. Naitaka wodi hii kuliko mtu yeyote hapa. Hilo ndilo linanitisha.

Jumatano, 15 Novemba
Injinia alifika saa nne. Akavuta futi, akapata arobaini na mbili kama mimi. Akafungua kalamu.
Nikasema, "Ni thelathini na tano na kidogo. Ndani kuna kichuguu."
Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Injinia akauliza nani alisaini. Nikasema mimi. Hakunigombeza. Alisema kijiji kinachofuata kimeshatimiza, na lori lina safari moja kabla njia haijakatika. Sisi tungoje mwezi wa sita.
Lori lilipita saa tisa. Halikusimama.

Ijumaa, 17 Novemba
Bombani hakuna aliyeniitikia salamu. Mwanamke mmoja alisema, bila kunitazama, kwamba wengine wanapenda namba kuliko watoto wa watu. Nimerudi na ndoo nusu.
Nina hasira nao. Zaidi nina hasira na mimi. Nondo ile ningeichomeka tarehe sita, tungekuwa na siku tisa.
Mama mkwe anapika, ananipakulia, anaondoka.

Jumapili, 26 Novemba
Mvua ndogo tangu asubuhi. Mahindi yameota.
Mama mkwe amekuja kwangu na kalenda ya ukutani, ameing'oa na msumari wake. Akaniambia nihesabu miezi kwa sauti. Nikafika Aprili. Akaweka kidole kwenye Machi.
Ana mdogo wake Mpanda, nyumba iko karibu na hospitali. Ameshampigia. Tutakwenda mwezi wa tatu mwanzoni, tukae huko mpaka nijifungue.
Nikasema, "Mayu, mama yangu, na wewe unakwenda? Na ng'ombe?"
"Ng'ombe wana wanaume."
Hajalala nje ya boma hili tangu walipohamia kutoka kaskazini. Amesema Limi tutakwenda naye, na kwamba yeye atalala upande wa mlango.