Kijiti cha Katikati

Baba,

Kaburi lako liko chini ya maji. Nimeona nikuambie mwenyewe.

Unakumbuka vijiti vyetu. Kila mwaka kabla ya mvua ulizunguka nyumba za wakulima hapa Rejaf, mimi nyuma na furushi la vijiti, ukamwuliza kila mtu peke yake: safari hii mto utafika wapi? Jioni tulichomeka ukingoni kijiti cha kila jibu. Mama Keji kwa woga wake alitupeleka kule juu karibu na kanisa. Wani alidai maji hayatagusa hata majani. Wewe ulihesabu, ukashika kijiti cha katikati, tukapanda bamia kuanzia hapo kwenda juu, na mara nyingi tulivuna. Nilikuuliza kwa nini usiwaite mkutanoni yakaisha, ukacheka: "Wakikaa pamoja, mtu iko moja tu. Ile ya kwanza kusema."

Ulipofariki wakaitwa mkutanoni. Uani kwako, Baba, kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti wa wakulima akatangulia kusema: mzee alipenda mto, alazwe kule chini kwenye shamba lake la zamani. Khalas. Wote wakaitikia, ikasemwa kijiji kizima kimekubali.

Sasa mto umepanda, na mmoja mmoja wanakuja kuninong'oneza. "Mimi ilijua, lakini mkubwa alishasema," kasema Mama Keji. Hata Wani alijua! Kila mtu alijua, ila kijiji hakikujua kitu. Nawapa chai na nawachukia.

Ninayemchukia zaidi ni mimi. Kijiti cha katikati cha mwaka jana nilikichomeka kwa mkono wangu, juu sana kuliko pale walipokuchimbia. Siku ile ya mkutano nilikuwa nimesimama karibu na mwenyekiti, birika mkononi. Nikaendelea kumimina chai. Mwanao, uliyemfundisha mwenyewe.

Maji yakishuka tutakuhamisha. Nimeshaanza kuzunguka na furushi, namwuliza kila mtu peke yake ulazwe wapi. Mwenyekiti anasema sina adabu. Kwake nitafika mwisho. Na mwaka huu kijiti changu kimo, hicho nakuahidi, hata kikibaki peke yake.

Kwaheri, Baba yangu. Nisamehe hiyo baridi. Ivumilie kidogo, zimebaki nyumba nne.

Binti yako,
Poni